Feleji na Chumvi

Katika kata ya Singe, mjini Babati, yuko mwalimu wa fizikia ambaye mwaka wa 2025 aliupitisha takriban wote katika kuchagua baiskeli. Ni muda mrefu kwa kitu chenye magurudumu mawili. Watu wengine katika muda kama huo huposa, huoa na hupata mtoto. Lakini mwalimu huyu ana umri wa miaka 58, mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akitimiza 60, na yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Makunduchi, kusini ya Unguja, aliyefika Babati mwaka 1994 kwa nia ya kukaa miaka mitatu, asiondoke tena. Baiskeli atakayoinunua sasa ndiyo atakayozeeka nayo. Wazeekee wapi, yeye na hiyo baiskeli? Hapo ndipo mwaka wake ulipoishia.

Alipofika, Babati ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo Waingereza waliiota kuwa kiungo cha Cape Town na Cairo, ilipita hapo ikiwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Leo ni lami tupu. Upande mmoja inakwenda Arusha, kilomita zipatazo 170. Upande wa pili inakwenda Kondoa na Dodoma, kilomita zipatazo 250, na kipande hicho kilizinduliwa mwaka 2018. Mji umekaa juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, Mlima Kwaraa ukiwa ubavuni na ziwa lenye viboko likiwa chini yake. Ukielekea kaskazini unateremka hadi Magugu kwenye mashamba ya mpunga. Ukielekea kusini unapita Bonga na kuanza kuipanda Bereko. Ukielekea magharibi unafika Dareda, ambako ukuta wa Bonde la Ufa umesimama mbele yako kama nyumba isiyo na mlango, na barabara ya Mbulu haina budi kuupanda. Mtu wa Makunduchi, aliyelelewa katika nchi ya matumbawe iliyo sawa kama mkeka, huchukua miaka kuizoea nchi ya namna hii. Magoti yake hayaizoei kabisa.

Kwa miaka 30 mwalimu amepanda Phoenix, baiskeli nyeusi ya Kichina yenye breki za vyuma na keria pana, ambayo peke yake ina uzito wa kilo 20 na ushei. Haina haja ya kusifiwa. Imebeba mahindi, madaftari, mtungi wa gesi na, usiku mmoja, mgonjwa. Mwalimu aliwahi kuyahesabu meno yake mbele ya wanafunzi: mbele 44, nyuma 18. Gurudumu lake likizunguka mara moja hula mita 2.2 za njia, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakwenda mita 5.4 hivi. Mtu akipiga mizunguko 60 kwa dakika anakwenda zaidi ya kilomita 19 kwa saa, na huo ni mwendo mwema katika tambarare. Lakini katika kupanda Bereko, ambako nguvu za binadamu wa kawaida zinatosha kilomita 8 tu kwa saa, miguu inatakiwa izunguke mara 25 kwa dakika, na kila mzunguko ni kama kuinua gunia. Ndipo watu wanaposhuka na kusukuma. Baiskeli hukokotwa mlimani kwa sababu ya hesabu, wala si kwa uvivu wa mwenyewe.

Yafaa hapa kusimama kidogo juu ya maneno, kwa kuwa mwalimu huyu, mbali na fizikia, ni mpenzi wa mashairi, na akiwa njiani huhesabu mizani kwa pedali, nane kwa nane. Ilipofika pwani yetu, baiskeli ilivishwa nguo za vyombo vya zamani. Kinachoshikwa kwa mikono kikaitwa usukani, jina lililotoka nyuma ya jahazi likahamia mbele ya baiskeli. Kinachokaliwa kikaitwa tandiko, kama cha punda. Mnyororo ulikuwapo tangu zamani, na katika historia yetu haukuwa na kazi ya heri. Gia iliingia na jina lake la kigeni na kubaki nalo. Labda kwa sababu hatukuihitaji: visiwani, Pemba ikiwekwa kando, vilima ni haba.

Baada ya kuulizia Arusha na kwingineko, mbele ya mwalimu zilisimama baiskeli tatu za barabara, zote za mkono wa pili. Ya kwanza ilikuwa ya feleji, ya Kiingereza, ya miaka ya 1980, mabomba yake membamba kama miwa michanga, na chini ya tandiko ikiwa na karatasi ya Reynolds 531, mchanganyiko wa chuma uliotolewa mwaka 1935 na uliobeba mabingwa wengi wa karne iliyopita. Ya pili ilikuwa ya aluminiamu, ya juzijuzi, yenye mabomba manene na gia mpya. Ya tatu ilikuwa ya nyuzi za kaboni, iliyoachwa na mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake. Titani hakuitafuta, ni madini mazuri yasiyojua kutu, lakini bei yake si ya mwalimu.

Ya kaboni ndiyo iliyowavuta vijana wa mtaani. Walikuwa wameyaona mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na walijua kuwa Tadej Pogačar aliyashinda juu ya kaboni, kilomita 267 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda. Walijua pia kwamba Biniam Girmay wa Eritrea alivaa fulana ya kijani ya Tour de France mwaka 2024. Kila mmoja aliinyanyua kwa vidole viwili na kucheka. Baiskeli nzima haikufika kilo 8. Sheria ya chama cha baiskeli duniani tangu mwaka 2000 inakataza mashindanoni baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba wanadamu wamefikia kutunga sheria ya kuzuia wepesi.

Lakini mwalimu alikwisha kupiga hesabu. Mtu wa kilo 75, pamoja na baiskeli, maji na viraka vyake, ni kilo 85 au 86. Katika kupanda, muda hufuata uzito wote, si uzito wa fremu peke yake. Kilo moja iliyopunguzwa katika mlima wa saa moja humwokolea mtu sekunde 40 hivi. Kwa Pogačar sekunde 40 ni taji. Kwa mwalimu wa Singe ni muda wa kujibu salamu ya mzee mmoja njiani, na salamu za Singe haziishii sekunde 40.

Zaidi ya hayo kaboni ina tabia ya siri. Ni kitambaa kilichokandikwa gundi. Ikiwa nzima ina nguvu za ajabu, kwa kuwa nyuzi zake huelekezwa kule ambako nguvu inahitajika, kama fundi wa mtepe wa zamani alivyojua wapi azidishe kamba. Ila ikipigwa na jiwe, au ikibanwa vibaya juu ya basi baina ya magunia ya vitunguu, inaweza kupasuka ndani na nje ikabaki inang'aa. Wajuzi huigonga kwa sarafu na kusikiliza mahali sauti inapofifia. Mwalimu aliigonga. Sauti ilikuwa njema, akashukuru, akairejesha.

Zikabaki feleji na aluminiamu, na hapa ndipo penye fizikia ya kweli. Watu husema aluminiamu ni nyepesi na ngumu, feleji ni nzito na laini. Hakuna ukweli hapo isipokuwa nusu. Feleji ina uzito karibu mara tatu ya aluminiamu, na ukakamavu wake pia ni karibu mara tatu; ukigawanya kimoja kwa kingine, zote mbili ni sawa. Tofauti huletwa na umbo. Bomba likipanuliwa kipenyo mara mbili bila ya kuongezwa unene wa ukuta wake, uzito huongezeka mara mbili lakini ukakamavu huongezeka mara nane. Kwa hiyo mwenye aluminiamu, kwa kuwa madini yake ni mepesi, anaweza kutengeneza bomba nene lisilopinda. Mwenye feleji akijaribu vivyo hivyo huishia na ukuta mwembamba kama bati la kopo, unaobonyea kwa dole gumba. Hubaki na bomba jembamba, na bomba jembamba hunesa. Kunesa huko ndiko wapenzi wa feleji wanakokusifu kwa maneno mengi, ingawa kusema kweli tairi la milimita 28 lenye upepo wa kiasi humfariji mpandaji kuliko fremu yoyote.

Jambo zito zaidi ni uchovu. Feleji ina kiwango ambacho, ikitikiswa chini yake, hustahimili mitikisiko bila ya hesabu. Aluminiamu haina kiwango hicho. Kila tuta, kila shimo, kila mara mpandaji anaposimama juu ya pedali, kitu kidogo kinaandikwa katika daftari lake, na daftari hilo halifutwi. Mtengenezaji mzuri huweka unene wa kutosha ili daftari lijae baada ya miaka mingi mno. Hata hivyo linajaa. Na ikivunjika, fundi wa Babati hawezi kuirudisha, maana aluminiamu ya fremu ikishachomelewa hutakiwa ipikwe tena katika tanuri kwa joto maalumu ili nguvu zake zirejee. Feleji hulehemiwa kwa moto wa gesi na shaba, papo hapo, chini ya mwembe. Sharti moja tu: fundi asije na mtambo wa umeme wa kuchomelea mageti, kwa kuwa bomba la Reynolds katikati yake ni jembamba kuliko milimita moja, na litatobolewa kabla hajavaa miwani.

Kwa Singe, basi, feleji ilikwisha kushinda. Lakini mwalimu si mtu wa Singe tu.

Dada yake mkubwa yuko Makunduchi, hulima mwani, na tangu mama yao afariki ndiye mlinzi wa kiwanja chenye minazi 11 na msingi wa nyumba ambao mwalimu aliuanza mwaka 2009 na kuuachia majani. Kila Ijumaa hupiga simu. Hasemi "rudi". Husema mnazi fulani umeanguka, au jirani fulani ameulizia mpaka. Mtu aliyezaliwa pwani huisikia vyema lugha hiyo. Na mwalimu, akiweka simu, huanza kuwaza barabara ya kutoka Makunduchi hadi Mjini, kilomita zipatazo 65, asubuhi, miti pande mbili, na hapana mlima hata mmoja.

Huko pwani feleji ni mgeni asiye na bahati. Kila msomaji wa visiwani anajua chumvi inavyokula nondo za nyumba, bawaba za milango na masanduku ya bibi. Bomba la baiskeli hutafunwa kwa ndani, pasipo kuonekana, hasa kwenye kiungo cha chini ambako maji hukusanyika. Aluminiamu nayo si salama kabisa, kwani ikigusana na chuma penye maji ya chumvi hutafunana nacho, na nguzo ya tandiko huweza kung'ang'ania ndani ya fremu hadi ikatwe kwa msumeno. Lakini kwa jumla huishi baharini vizuri zaidi. Hivyo kuchagua aluminiamu kulikuwa sawa na kumjibu dada. Kuchagua feleji kulikuwa sawa na kumjibu mke.

Mke wa mwalimu ni Mgorowa, mwenyeji wa Babati toka asili, wa watu ambao lugha yao ni ndugu ya Kiiraqw na haina unasaba na Kibantu. Walioana mwaka 1997. Mtoto wao wa pili amezikwa Singe. Mama huyu hakuwahi kuuliza habari ya kurudi Unguja, wala hakuwahi kusema hatakwenda. Siku mwalimu alipoweka karatasi mezani yenye safu mbili za hesabu, aliitazama, akauliza swali moja: "Mwalimu, hii itapanda Bereko?"

Swali lilikuwa la gia, na gia ndiyo iliyokuwa kasoro ya feleji ile ya Kiingereza. Ilitengenezwa kwa vijana wa mashindano: mbele meno 52 na 42, nyuma 13 hadi 24. Gurudumu la aina hiyo hula mita 2.1, gia yake nyepesi kabisa, 42 kwa 24, ilitaka mita 3.7 kwa kila mzunguko. Ni nafuu kuliko Phoenix, lakini goti la miaka 58 halikusomea hesabu hiyo. Ile ya aluminiamu ilikuwa na 50 na 34 mbele na hadi 34 nyuma. Gia yake nyepesi ni meno kwa meno, mita 2.1 tu, ambayo kwa mizunguko 60 humpandisha mtu polepole akiwa bado anapumua kwa pua. Juu yake ilikuwa na 50 kwa 11, mita 9.5, ambayo kwa mizunguko 90 huenda kilomita 51 kwa saa. Mwalimu angeitumia labda katika mteremko wa Magugu, na hata huko mwenye akili hushika breki kwa sababu ya mabasi.

Inafaa ikumbukwe kuwa hata Ulaya gia hazikupokewa kwa mikono miwili. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, aliziona ni za wazee na wanyonge, na mpaka mwaka 1937 wapandaji wa mbio zile hawakuruhusiwa gia za kubadilisha mnyororo. Watu walipanda Alpes kwa gia moja au mbili, wakishuka kuligeuza gurudumu la nyuma. Mwalimu alipolisoma hilo alicheka peke yake. Ikiwa gia ni za wazee, basi yeye ndiye mwenyewe aliyekusudiwa.

Hata pwani, akafikiri, gia si anasa. Upepo ndio kilima chetu. Kusi ikivuma, anayetoka Mjini kwenda Makunduchi huwa nayo usoni njia nzima, na tofauti ya kilima na upepo ni kwamba kilima kina kilele.

Aliinunua ya feleji. Fundi baiskeli wa mjini, kijana anayemwamkia "shikamoo, Mwalimu" na kisha kubishana naye bila ya staha, alileta kutoka kwenye rundo la mtumba mkono wa pedali wa baiskeli ya milimani wenye sahani tatu, meno 42, 32 na 22, akabadilisha ekseli ya kati, akaweka nyuma meno 14 hadi 28. Vishikio vya gia, vile vya kizamani vilivyo kwenye bomba la chini, havina vituo. Mtu hukivuta taratibu mpaka sauti ya mnyororo itulie, kama mpiga udi anayetafuta sauti ya uzi. Kwa hiyo hukubali kila kitu, kipya na cha kale. Sasa gia nyepesi, 22 kwa 28, inataka mita 1.65 tu kwa mzunguko. Nzito, 42 kwa 14, ni mita 6.3. Vijana walisema baiskeli ya mbio imeharibiwa. Fundi naye alionya juu ya matairi: gurudumu hili ni la kipimo cha 622, la Phoenix ni 635, milimita 13 zinazotosha kumlaza mtu njiani, na matairi yake yatatoka Arusha. Mwalimu akanunua mawili ya akiba na kuyatundika darini.

Jumamosi ya pili alipanda Bereko. Hakushuka. Alichukua muda mrefu, watoto wawili waliokuwa wakitembea wakampita, wakamngoja, wakampita tena.

Wiki iliyofuata basi lilileta kifurushi kutoka Dar es Salaam, kilichovuka kwa boti kutoka Unguja: chupa ya lita moja iliyofungwa kwa mifuko mitatu ya plastiki. Ilikuwa sifa, mafuta ya papa, yale ambayo mababu waliyapaka mashua. Mwalimu alimwomba dada yake mwezi mzima nyuma, bila ya kumwambia sababu. Mafuta ya samaki huzuia kutu, na hili si la mababu peke yao: nahodha mmoja, Robert Fergusson, aliona kuwa mafuta hayo yakimwagika sitahani kutu husimama, na kutokana na hilo kikaanzishwa nchini Marekani, mwaka 1921, kiwanda cha rangi za kuzuia kutu.

Aliivua nguzo ya tandiko, akailaza fremu juu ya gunia uani, akamimina. Kisha akaanza kuigeuza polepole, upande huu na upande huu, ili mafuta yafike katika kila bomba. Harufu ilijaa nyumba nzima na kuvuka ua. Mbwa wa jirani alisimama. Mke wake alitoka jikoni akiwa ameziba pua kwa upindo wa kanga.

"Mwalimu, huku hakuna chumvi."

Hakujibu. Alikuwa ameinua upande wa mbele, na mafuta yalikuwa yakitiririka kwa ndani kuelekea kiungo cha chini. Mama akasimama pale kwa muda, akaingia ndani, akatoka na sufuria kuukuu, akaiweka chini ya fremu pale yalipoanza kudondoka.